Kisanduku Chini ya Benchi la Vitumbua

Kila alasiri, Mwanahalima aliporudi shuleni alivua sare, akala chakula alichofunikiwa jikoni, kisha akaenda uani kumsaidia baba yake kutoboa mbao. Kazi yenyewe hakuipenda hata kidogo. Baba yake, Mfaume, alikuwa fundi wa vitanda vya kamba pale Kongowe, Kibaha, na kitanda cha kamba ni matundu. Zile mbao zake nne, mifumbati miwili ya ubavuni na vitakizo viwili vya kichwani na miguuni, hutobolewa tundu baada ya tundu ili kamba ipite. Kitanda kimoja hula matundu sitini, na likikosewa moja, atakayelala juu yake atalijua kwa mgongo wake.

Matundu hayo waliyatoboa kwa keekee ya uta. Keekee yenyewe ilikuwa kijiti cha mpingo kilichotiwa chuma chenye ncha kwa chini, na juu kimevalishwa kifuu cha nazi ili mkono uweze kukandamiza bila kuumia. Kamba ya uta ilizungushwa kwenye kijiti. Mtu akivuta uta huku na huku, kama anayekata kwa msumeno, kijiti kilizunguka na ncha ikala mbao. Mfaume alikandamiza kifuu na kuelekeza ncha. Mwanahalima alivuta uta. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko darasa la sita, na mkono wake wa kulia ulikuwa na misuli ambayo wenzake waliitania.

Keekee hiyo ilichongwa na babu yake, Mzee Pazi, aliyekuwa akiishi kijijini upande wa Kisarawe. Macho yake yalipoanza kufifia alimkabidhi Mfaume na kumwambia aitunze, kwa kuwa ni ya ukoo mzima. Mpini wa uta ulikuwa umelainika kwa mikono ya watu watatu.

Mwanzoni mwa mwaka 1984, wanakijiji wa kwa Mzee Pazi walijenga zahanati kwa nguvu zao wenyewe, pamoja na chumba cha wazazi. Katika mkutano wa kijiji, mzee alisimama mbele ya watu akasema kwamba mwanawe atatengeneza vitanda vinane, na vitakuwa tayari Sabasaba, siku ya kufungua. Mfaume alipoletewa habari hiyo alifurahi kwa kuaminiwa. Mwanahalima alipiga hesabu kichwani akapata matundu mia nne na themanini, na bega likaanza kumuuma kabla hata mbao hazijanunuliwa.

Basi ikasikika kwamba mtaalamu mmoja wa Kimarekani, aliyekuja kufundisha ufugaji wa kuku, amemaliza mkataba na anauza vitu vyake vya nyumbani. Miaka ile hata kipande cha sabuni kilipangiwa foleni, kwa hiyo mzungu anayeondoka alikuwa habari kubwa. Waliokwenda mapema walirudi wakisema kwamba kuna pasi, kuna redio, na kuna keekee ya umeme, tena kwa bei ambayo hata fundi wa vitanda anaweza kuifikia. Umeme ulikuwa umefika mtaani kwa kina Mwanahalima mwaka uliotangulia, na mpaka siku hiyo uliwasha taa mbili tu. Mfaume hakulala vizuri. Jumamosi asubuhi alimchukua binti yake, akafunga keekee ya uta ndani ya kanga, wakaenda.

Alibeba ile keekee ya zamani ili amwonyeshe mzungu kazi anayotaka kuifanya. Laiti angeiacha nyumbani. Mke wa mtaalamu aliigeuzageuza mikononi, akakipapasa kifuu, akauliza kama nayo inauzwa, maana angependa kuitundika ukutani kwao. Akiipata, alisema, bei ya ile ya umeme ingepungua karibu nusu. Mwanahalima, aliyekuwa amesimama nyuma ya baba yake, aliuliza kwa kunong'ona, wakishapata ya umeme ile nyingine itakuwa ya kazi gani? Maneno hayo alikuja kuyakumbuka mara nyingi. Mfaume alikubali.

Lori la kwenda Mlandizi kuchukua mbao lilikuwa likimngoja barabarani. Mama yule aliingia ndani kutafuta vifaa vilivyobaki, na Mfaume hakuweza kusubiri. Alimwambia Mwanahalima apokee kila atakachopewa, akipeleke nyumbani moja kwa moja, kisha akaondoka mbio.

Alichopewa ni keekee ya umeme, nyepesi, ya kijani, na kisanduku cha chuma kizito kama jiwe la kusagia, chenye waya na karatasi iliyofungwa kwa uzi. Yule mama alivigusa vyote viwili kwa kidole.

"Hii na hii, pamoja," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Bila hii, ile hapana. Kufa. Umeelewa?"

"Nimeelewa," alijibu Mwanahalima, ingawa hakuwa ameelewa. Aliona haya kuuliza.

Keekee aliitia kikapuni, kisanduku akajitwisha. Alipofika kituo cha basi cha Kwa Mathias shingo ilikuwa ikimuuma na jasho likimtiririka machoni. Hapo ndipo alipokutana na Zena, rafiki yake, amevaa nguo za michezo. Zena alimkumbusha kwamba siku hiyo shule yao inacheza netiboli na shule jirani, kwamba mchezo unaanza muda si mrefu, na kwamba mfungaji wao ni yeye mwenyewe, Mwanahalima. Je, waseme mfungaji amekwenda kubeba vyuma?

Pembeni ya kituo alikuwapo Marselina, mama wa makamo aliyeuza vitumbua. Mwanahalima alimwamkia, akamwomba amwekee kisanduku chini ya benchi lake mpaka baadaye. Marselina alikubali bila maneno mengi. Kikapu alikwenda nacho uwanjani, kwa kuwa kilikuwa chepesi na ndicho chenye kitu cha maana. Walishinda, yeye akafunga mabao tisa, na alirudi nyumbani kwa njia ya mkato akiimba. Kisanduku atakichukua kesho, alijiambia. Kwani kitakimbia?

Mfaume alirudi saa kumi jioni akiwa na mbao, na majirani walikuwa wamekwisha kusikia. Uani palijaa watu. Aliitoa keekee kikapuni, akaipangusa kwa shati lake, kisha akamtazama binti yake.

"Ndivyo vyote?"

Angesema ukweli angelazimika kueleza habari za mpira mbele ya watu wote wale, na baba alikuwa amemwambia aende moja kwa moja. "Ndivyo vyote, baba," alisema.

Plagi ya keekee ile ilikuwa na meno mawili bapa, haikuingia kwenye soketi ya nyumba yao. Hapo mtu angesita. Mfaume hakusita, kwa kuwa fundi aliyepania hasikii. Alikata plagi, akamenya nyaya, akazisukumiza kwenye matundu ya soketi na kuzibana kwa njiti za kiberiti, kama alivyoona wengine wakifanya, jambo ambalo lingeweza kumuua. Mwanahalima alisikia ile sauti ya mama mzungu kichwani: bila hii, ile hapana. Alifumbua mdomo. Jirani mmoja alikuwa akimpongeza baba yake kwa kuwa mtu wa kisasa, watu wakacheka, naye akaufumba tena.

Mfaume aliwasha swichi. Keekee ilipiga ukelele mkali uliowafanya watoto wazibe masikio, ikazunguka kwa kasi ya kutisha, ikatoboa tundu moja safi kabisa, kisha ikatoa moshi mweusi na kunyamaza. Harufu ya kuungua ilienea ua mzima. Majirani waliondoka mmoja mmoja, kwa adabu.

Kesho yake waliipeleka kwa Twalibu, fundi wa umeme. Aliifungua, akatikisa kichwa, akawaonyesha kibati kidogo ubavuni. Alieleza kwamba kifaa hiki ni cha volti mia moja na kumi, na umeme wetu ni mia mbili thelathini. Ni sawa na kumlisha mtu chakula cha watu wawili kwa mkupuo mmoja. Koili zote zilikuwa zimeungua, na waya wa kuzisuka upya haukupatikana mjini wala Dar es Salaam.

"Vitu hivi huja na transfoma yake," alisema. "Kisanduku kizito cha chuma. Yule aliyekuuzia hakukupa?"

"Hakunipa," alisema Mfaume. "Kumbe amenifanya mjinga."

Mwanahalima alitazama chini. Miguu yake ilitaka kukimbilia Kwa Mathias, lakini ulimi haukufunguka. Sasa alikuwa na makosa mawili, na la pili lilikuwa zito kuliko la kwanza. Mfaume alikwenda nyumbani kwa mtaalamu akakuta milango imefungwa; wameshapanda ndege, na keekee ya Mzee Pazi imekwenda nao. Tangu siku hiyo alimsema mzungu yule kila alipokaa. Alimwita tapeli, akamwita mwizi wa wazi, na watu walikubaliana naye. Mwanahalima alianza kupita njia nyingine ili asikione kituo cha Kwa Mathias wala benchi la Marselina.

Siku zilikwenda. Mfaume alikosa keekee ya kuazima, akajaribu kutoboa kwa nondo iliyotiwa motoni, mbao mbili zikapasuka, na siku ya nne nondo ilimteleza ikamuunguza kiganja cha kulia. Mama alimfunga kitambaa, naye hakulalamika. Mwanahalima alilia nyuma ya nyumba mpaka kwikwi zikamshika, akajiambia kwamba leo atasema. Hakusema.

Likizo ya Juni ilipoanza, Mfaume aliamua kwenda kumweleza baba yake. Alimchukua Mwanahalima wakapanda basi hadi Dar es Salaam, wakabadilisha gari la Kisarawe, kisha wakatembea mwendo wa saa moja kati ya mikorosho. Mzee Pazi aliwapokea kibarazani. Mwanahalima alipiga magoti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Huo mkono wa kuvuta uta haujambo?"

Mwanahalima aliuficha mkono nyuma.

Mfaume alieleza yote kwa sauti ndogo: vitanda havijaanza, pesa zimekwenda, na ile keekee ya uta ameitoa. Mzee aliposikia hilo la mwisho aliuweka mkono wake juu ya goti, akauliza kama amesikia sawasawa. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema tu kwamba mti ule wa mpingo aliukata mwaka aliooa.

Mfaume, kwa aibu, alianza kumlaumu mzungu tena, na safari hii akaenda mbali. Aliomba isomwe halbadiri, kile kisomo cha kumwomba Mungu amfichue na kumwadhibu aliyedhulumu. Mwanahalima alikuwa amesikia habari zake tangu utotoni.

Mzee Pazi alingoja mpaka walipomaliza kusali alasiri. Kisha akasema kwamba kisomo kile si cha kuchezea, na hakijui mzungu wala Mzaramo; kinamtafuta mwenye kosa popote alipo. Ndiyo maana kabla ya kusomwa, wa nyumbani huulizwa kwanza. Akamuuliza Mfaume kama ana hakika kwamba hakupewa kitu kingine chochote. Mfaume akajibu kwamba yeye aliondoka mapema, aliyepokea ni mtoto.

"Haya, mama," mzee alimgeukia Mwanahalima kwa upole. "Ulipewa nini na nini?"

Mwanahalima aliona sura ya yule mama, akigusa kwa kidole hii na hii. Mtu yule hakuwadhulumu kitu. Alikuwa ameeleza kwa kadiri ya Kiswahili chake, na sasa alikuwa karibu kusomewa halbadiri.

"Msisome, babu," alisema, na machozi yakamtoka. "Kisanduku nilipewa mimi. Kilikuwa kizito. Nilikiacha Kwa Mathias nikaenda kucheza, na baba aliponiuliza nikamwambia ndivyo vyote. Mwenye kosa ni mimi."

Mfaume aliinuka nusu, mkono wake wenye kitambaa ukiwa hewani. Mwanahalima hakujikinga. Lakini mkono ule ulishuka polepole, na Mfaume akakaa tena chini kama mtu aliyechoka. Alisema kwamba wiki nzima amekuwa akimtukana mtu asiye na hatia, tena mbele za watu. Kisha akamgeukia baba yake.

"Na mimi nina langu. Keekee haikuwa yangu peke yangu. Nimeitoa bila kukuuliza. Nisamehe, baba."

Mzee Pazi alisema kisomo hakuna, wakaoge, wale, na asubuhi watazame kama bado kuna mti wa mpingo.

Ulikuwapo, mdogo, uliopinda. Macho ya mzee hayakutosha kuchonga na kiganja cha Mfaume kilikuwa bado kibichi, kwa hiyo kisu kilishikwa na Mwanahalima, baba akimshikia mti, na babu akipapasa kwa vidole na kusema punguza hapa, hapa acha. Kijiti cha kwanza kilivunjika. Cha pili kiliyumba. Cha tatu kilikubali, baada ya siku tano. Kifuu walikipata jikoni, na ncha wakaitengeneza kwa msumari. Mfaume alirudi Kibaha, akazileta mbao kwa lori la kijiji, na kazi ikaanza.

Keekee hii mpya haikuwa kama ile. Ilikwama, ikalia, na mpini wake ulikuwa na vibanzi vilivyochoma mikono. Mwanahalima alivuta uta asubuhi mpaka adhuhuri, na alasiri mpaka magharibi. Malengelenge yalimtoka, yakapasuka, yakaota mengine. Hakuna aliyemwambia apumzike, naye hakuomba. Alikuwa akihesabu matundu, na kila tundu lilimkumbusha lile moja safi lililotobolewa na keekee ya kijani. Siku mbili zingetosha kumaliza yote mia nne na themanini. Likizo yake yote ilikwenda kwenye uta.

Sabasaba ilipofika, vitanda vitano vilikuwa tayari vimewambwa kamba, na vitatu bado. Zahanati ilifunguliwa kwa ngoma na hotuba, mwenyekiti wa kijiji akamshukuru Mzee Pazi bila kutaja idadi, kwa kumstahi. Usiku uleule walikuja wazazi sita. Asubuhi Mwanahalima alipopeleka uji alimkuta wa sita, msichana aitwaye Mwanakheri, amelala juu ya mkeka sakafuni na mtoto mchanga ubavuni. Mwanakheri alimtabasamia na kumshukuru kwa uji. Mwanahalima alitoka nje akaegemea ukuta, hakuweza kurudi ndani.

Mzee Pazi alimkuta pale. Aliketi karibu naye, akaushika mkono wake na kupapasa malengelenge kwa kidole, kimoja kimoja.

"Hukosei kwa kuchoka, mjukuu wangu," alisema. "Kila mtu huchoka na mzigo. Ungeurudia jioni ileile, au ungemwambia baba yako, tungecheka tu. Lakini ulisema ndivyo vyote, na neno hilo dogo likawa zito kuliko kisanduku. Baba yako kalibeba, mimi nimelibeba, na yule mama mle ndani analibeba sakafuni, naye hata hakujui. Siku nyingine useme mapema, hata kama ni aibu. Aibu ya mapema huisha siku hiyohiyo."

Vitanda vitatu vilivyobaki walivimaliza baada ya siku nane. Cha kwanza kati ya hivyo Mwanahalima alikipeleka mwenyewe kwa Mwanakheri, akakuta ameshatoka na kurudi kwao.

Waliporudi Kibaha, Mfaume alimwambia waende pamoja Kwa Mathias. Marselina aliwaona tangu mbali. Aliinama chini ya benchi, akakivuta kisanduku kikiwa kimevingirishwa ndani ya gunia, kikavu kabisa.

"Karibu miezi miwili, mwanangu," alisema. "Mvua ikinyesha nakifunika mimi kabla ya unga wangu. Sikujua kwenu, na wewe hukupita tena."

Mwanahalima alimwomba radhi. Mfaume aliifungua ile karatasi iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa amejifunza kusoma katika madarasa ya watu wazima, na alisoma kwa kufuata kidole, neno kwa neno, kwa sauti. Mtu fulani alikuwa ameandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, na kwa uangalifu: TAFADHALI USITUMIE KEEKEE BILA KISANDUKU HIKI. ITAUNGUA. ASANTE KWA KEEKEE YAKO NZURI. TUTAITUNZA.

Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni. Jioni ile alipita nyumba kwa nyumba kwa wale aliowaambia kwamba mzungu ni tapeli, akawaeleza kwamba kosa lilikuwa la nyumbani kwake. Mwanahalima alikwenda naye, na kila mlangoni alisema sehemu yake mwenyewe.

Twalibu alikipima kisanduku akakuta ni kizima, hakina kasoro yoyote. Lakini keekee ya kukitumia haikuwapo tena. Mfaume alikiweka mlangoni kuzuia mlango wa uani usijipige kwa upepo, na kila alasiri, Mwanahalima alipotoka shuleni na kwenda kuvuta uta, alikiruka.